Rufaa ya Mtani

Wusakile, Kitwe
Jumatatu, 7 Juni 2004

Kwako Lazalo Maseko, mla panya mkuu wa Luanshya,

Kama barua hii imekufikia, basi dereva wa basi ni mwaminifu kuliko wewe. Huku wote wazima isipokuwa mimi. Tangu Jumamosi nina kitu kimenikwama kooni, ukubwa wake kama mpira mweusi, na aliyekitia ni wewe.

Nakukumbusha, maana nyinyi Wangoni husahau upesi, hasa mambo ya aibu. Fainali ya ligi ya pool, baa ya Bana Mwila. Gemu ya mwisho. Mimi napiga nyekundu, mpinzani wangu njano; nimebakiwa na nyekundu moja, kisha mweusi, kisha twende zetu. Ile nyekundu imejibanza nyuma ya njano kama mkwe aliyemwona mama mkwe njiani. Nikapaka fimbo chaki, nikainama, mgongo ukalia, nikapiga. Mpira mweupe ukainyoa nyekundu ndevu, nasema nyekundu kwanza, halafu ndipo ukagonga njano. Nyekundu ilitikisika. Baa yote iliiona. Hata mama anayeuza mayai ya kuchemsha mlangoni aliiona, na yeye alikuwa anahesabu chenji. Wewe mwamuzi uliyesimama karibu kiasi cha kuninusa kwapa ukainua mkono: "Faulo! Njano kwanza!"

Nami nikajibu nini? Nilichokujibu miaka yote: "Ewe Mngoni kipofu, macho umeyasahau kwenye shimo la panya?" Watu wakaangua kicheko. Wewe ukacheka mpaka ukashika meza. Yule kijana wa Chingola, Sinkamba, naye akacheka, kisha akachukua mapigo yake mawili ya bure, akaisafisha meza, na nasikia anacheka hadi leo.

Sasa sikiliza, tuache mzaha kidogo, kidogo tu, usije ukaugua. Aliyeshinda pale ndiye anakwenda na timu yake Livingstone kwenye mashindano ya taifa. Unatujua sisi wazee wa Wusakile. Maisha yetu yote maji tuliyoyaona ni yale yanayovuja kutoka kwenye paa la mgodi, yanakuingia shingoni huku msimamizi akikutukana. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyaona yale maporomoko ya kule. Wazungu wanapanda ndege kuja kuyaona, sisi wenye nayo tunayaona kwenye noti. Nataka kuyaona, Lazalo. Ni hilo tu ninalolitaka lililobaki, na si kubwa.

Nimesomewa kanuni. Jambo ambalo mwamuzi ameliona kwa macho yake halikatiwi rufaa. Lakini mwamuzi mwenyewe akisema alikuwa na shaka, basi shaka ni ya mpigaji, na gemu inarudiwa. Kwa hiyo niandikie mstari mmoja: "Nilikuwa na shaka." Nitaupeleka kwenye kamati. Hutapungukiwa na kitu. Kule chini mgodini ulikuwa unagonga mwamba kwa nondo, unatega sikio, unasema, "Tokeni, huu umelegea," nasi tulitoka, na ukaanguka kweli. Nilikuamini kuliko msimamizi, kuliko padri. Siombi zaidi ya shaka.

Na usinijibu kwa adabu. Siku utakaponiita Bwana na kuniambia "mukwai" ya heshima kama watu waliosoma, nitajua mmoja wetu keshatiwa kwenye sanduku.

Mimi, Mbemba aliyekufundisha kula chakula cha watu,
Kapambwe Chilekwa


Luanshya
Alhamisi, 10 Juni 2004

Kwako Kapambwe, mla tumbili, mtoto wa mla tumbili,

Usishangae mwandiko mzuri. Anayeandika ni binti yangu Tisiyenji. Kidole changu kimevimba, nami ninasema kutoka kwenye kiti kama chifu. Akiongeza neno lake nitamjua.

Nimeisikiliza barua yako yote. Imenifanya nicheke hadi chai ikanipalia. Ati nyekundu ilitikisika! Iliyotikisika ni mikono yako, mzee. Nilisimama pale, nilitega, nikajua. Njano kwanza. Mimi naweza kumwona chawa akitembea juu ya mpira mweusi, nikakwambia ni dume au jike.

Unataka niandike kwamba nilikuwa na shaka. Mwamuzi akiandika hivyo mara moja, kesho kila mlevi wa Ndola na Mufulira ataleta karatasi yake. "Ba Maseko, na ile yangu je? Ulikuwa na shaka?" Nitaamua nini tena baada ya hapo? Beji hii ya uamuzi ndiyo inayonitoa nyumbani siku ya Jumamosi. Mke wangu alipofariki, na mgodi ukafungwa, watu waliacha kuniuliza kitu chochote. Mezani bado wananiuliza. Nikisema faulo, ni faulo. Kaa na kushindwa kwako kwa amani, kama babu zako walivyokaa baada ya babu zangu kupita.

Livingstone haihami. Maji yatakuwa yanaanguka hata mwakani.

Wewe nitukane tu kama kawaida. Ukinitukana ninalala vizuri.

Mkuu wako,
Lazalo Maseko

(Sijaongeza neno. Ila kidole chake hakijavimba. T.)


Wusakile, Kitwe
Jumamosi, 12 Juni 2004

Kwa Katibu wa Kamati ya Rufaa,
Ligi ya Pool ya Miji ya Migodi, Ndola

Mheshimiwa Mama,

Mimi ni Kapambwe Chilekwa, mstaafu wa mgodini, elimu yangu ni darasa la nne. Nilifukuzwa kwa kumwiga mwalimu anavyotembea, na mwalimu alikuwa nyuma yangu. Kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya lipe kiti, lisiaibike.

Nakata rufaa juu ya faulo niliyopewa kwenye fainali na mwamuzi Lazalo Maseko. Mpira wangu uligusa nyekundu kwanza. Nina mashahidi, baa yote, ingawa nakubali baadhi yao wakati ule walikuwa wanaona meza mbili.

Nimeambiwa rufaa husemwa mezani, kabla ya pigo linalofuata. Mpinzani akishapiga, umekubali. Mama, nilisema! Nilisema kwa sauti ambayo hata wachoma nyama nje walinyamaza. Nilimwambia mwamuzi ni kipofu na macho yake ameyasahau kwenye shimo la panya. Kama hiyo si rufaa, sijui rufaa inavaa nguo gani. Mtu aliyekubali uamuzi hamwiti mwamuzi kipofu.

Najua watakwambia tulicheka. Ni kweli. Yeye Mngoni, mimi Mbemba, ni watani tangu babu zetu walipochoka kuuana. Mtani akikutukana huruhusiwi kununa. Nami nikitaka kumwambia jambo Maseko sina mlango mwingine, ndio huo tu. Kwa njia ya utani nilimwambia mke wangu amefariki. Kwa njia ya utani aliniambia paa linaanguka, nikakimbia. Basi na rufaa nimeipitisha hapo hapo.

La mwisho. Nilimwandikia anipe shaka moja, akaninyima, mtu mchoyo kuliko paka wa bucha. Kwa hiyo nasema: yule mzee haoni. Mpimeni macho.

Natanguliza shukrani, na salamu kwa wote hapo ofisini wenye afya.

Kapambwe Chilekwa


Ndola
Jumatatu, 21 Juni 2004

Bwana K. Chilekwa,

Kamati imekaa na imesoma rufaa yako. Iliposomwa, wajumbe walicheka, nikalazimika kuisoma tena kutoka mwanzo. Yafuatayo ndiyo majibu.

Kwanza, suala la kama ulipinga uamuzi kabla ya pigo lililofuata. Tulibishana muda mrefu. Mimi mwenyewe ni Mlozi, na Watonga ni watani zangu. Kwenye mazishi ya mama yangu Mtonga mmoja alijitupa kaburini, akasema hatoki mpaka alipwe kuku, kwa kuwa marehemu alikuwa mnene na amelichosha kaburi. Sikukasirika. Nisingeweza kukasirika hata kama ningetaka. Ndipo nilipoelewa kesi yako. Neno la mtani halina mzigo, na kwa sababu hiyo linaruhusiwa. Huwezi kulisema bila mzigo Jumamosi, kisha Jumatatu ukataka kamati ilipime kwenye mizani. Mwamuzi alisikia tusi la mtani, akacheka kama desturi inavyomtaka. Hakusikia rufaa. Kwa hiyo hoja hii imekataliwa.

Pili, umeandika kwamba mwamuzi haoni na apimwe. Jambo hili ni tofauti. Mwamuzi asipokuwa na uwezo wa kuona, gemu yote inafutwa, na hakuna cha kabla wala baada ya pigo. Lakini ikithibitika, atavuliwa beji moja kwa moja. Nakuomba ulielewe hilo.

Kamati haijui sentensi yako imetoka kwenye mdomo gani. Bwana Maseko amekuwa mwamuzi wetu tangu ligi ianze, hajawahi kulalamikiwa, na kila mtu anajua unamwita kipofu kila mnapokutana. Kwa hiyo nakuuliza rasmi: ulipoandika kwamba haoni, ni utani au si utani? Ukijibu ni utani, jalada linafungwa na matokeo yanabaki yalivyo. Ukijibu si utani, tutamwita.

Jibu kwa maandishi, na fikiri kabla ya kuandika.

Namakau Sitali
Katibu


Wusakile, Kitwe
Alhamisi, 24 Juni 2004

Lazalo, chui asiye na meno,

Kuna mama huko Ndola ameniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa maishani: eti ninaposema wewe kipofu, nasema kweli? Nusura nife kwa kucheka. Halafu sikucheka tena.

Nipe ile shaka yangu, nami nitamwambia ulikuwa utani. Mstari mmoja. Na kama ni miwani imechakaa, sema, tutatafuta miwani. Si aibu. Mimi mwenyewe nasoma gazeti nikiwa nimelishika kama nalifukuza.

Timu wananiuliza kila siku. Mzee Bwembya keshanunua koti la mvua, kaambiwa kule maji yanapanda juu badala ya kushuka. Alilivaa jana kwenye baa, ndani, kiangazi. Niwaambie nini?

Nasubiri mpaka Jumatatu. Mwambie karani wako aandike upesi.

Kapambwe


Wusakile, Kitwe
Jumanne, 29 Juni 2004

Mama Sitali,

Maseko hajanijibu.

Umeuliza ni utani au si utani.

Si utani.

K. Chilekwa


Ndola
Jumatatu, 12 Julai 2004

Bwana Chilekwa,

Uamuzi wa kamati: gemu ya mwisho ya fainali imefutwa. Itarudiwa Jumamosi, meza ileile, mwamuzi mwingine. Bwana L. Maseko amevuliwa uamuzi kuanzia leo.

Hapo ndipo barua rasmi inapoishia. Yanayofuata nayaandika mimi, si kamati, na sijui kwa nini nakuandikia, ila naona una haki ya kuyajua, au pengine una wajibu.

Alikuja na binti yake, amevaa koti na tai. Alisalimia kila mjumbe kwa jina kabla hatujajitaja. Alitujua kwa kukohoa kwetu. Tulicheza gemu mbili mbele yake akaamua zote bila kosa. Nyekundu hii, njano ile, mweupe umeingia shimo la kona. Mjumbe mmoja alikwishaanza kukunja karatasi zake, anasema tumemsumbua mzee bure. Nami nilitaka iwe hivyo.

Kisha nikapanga mipira mezani polepole, kwa mkono, bila kuigonganisha. Nikamwambia, "Ba Maseko, nionyeshe nyekundu iliyo karibu na shimo la kati." Alisimama. Aliinamisha kichwa, akatega sikio juu ya meza. Halafu akasema kwa upole, "Hamtaipiga?" Nikasema hapana. Akasema, "Naombeni mtu aipige kidogo tu."

Amekuwa akiamua kwa masikio, Bwana Chilekwa. Alituambia ndivyo alivyokuwa akisoma mwamba mgodini: kila kitu kina sauti yake, na rangi alizishika kichwani tangu mipira inapopangwa. Nilimuuliza pigo lako. Alisema alisikia mgongano mmoja tu, wa njano. Pigo la kunyoa halitoi sauti. Hakukuonea. Aliamua alichokisikia.

Alipokuwa anatoka aliniuliza nani aliyeleta malalamiko. Nikasema ni wewe. Akacheka, akasema, "Huyo ni mtani wangu, mama, usimsikilize." Ilibidi nimwambie uliandika si utani.

N. Sitali


Wusakile, Kitwe
Jumatatu, 19 Julai 2004

Lazalo, Mngoni wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila nikikutukana naona tusi limekaa kama kiatu cha mtu mwingine.

Nilidhani ni miwani. Naapa kwa kaburi la mke wangu, mama Ngosa, nilidhani watakupeleka kwa daktari wa miwani, utarudi umevaa machupa usoni, nami nitakucheka mpaka Krismasi. Ungeniambia. Mbona hukuniambia? Kule chini ulikuwa unaniambia hata tumbo likikuharisha.

Tumerudia gemu. Nimeshinda. Sinkamba alikosa mpira ambao hata marehemu angeuingiza. Mwamuzi mpya ni kijana msafi, anasema "samahani mzee" kabla ya kupita mbele yangu. Nilimwita mwizi, akaniomba radhi. Baa ilikuwa kama kanisa Ijumaa Kuu.

Naja Jumapili hii. Nitaleta viwavi vikavu, vile unavyosema ni chakula cha ndege halafu unamaliza sahani. Tutakaa. Wewe nitukane siku nzima, sitajibu hata neno.

Kapambwe


Luanshya
Jumanne, 27 Julai 2004

Baba Chilekwa,

Shikamoo. Ni mimi Tisiyenji ninayeandika, safari hii kwa mdomo wangu.

Nisamehe kwa Jumapili. Ulipobisha hodi baba yangu alikuwa ndani, alikujua kwa mguu wako mbovu ulipofika tu langoni. Aliniambia niseme kaenda kanisani. Nami nikasema, nawe ukaona viatu vyake mlangoni. Viwavi nilivipokea, nikavipika na karanga. Baba havili.

Nakueleza, kwa sababu najua unajiuliza. Ni presha ya macho. Daktari alisema tumechelewa, mlango umeshafungwa, kilichobaki ni mwanga kidogo pembeni, nao unaondoka. Ilianza zamani. Mimi nilimwambia aache uamuzi, aseme kwa heshima yake kabla hajasemewa. Nilimwambia watu watajua. Unajua alinijibu nini? Alisema, "Hawatajua. Kapambwe ananiita kipofu mbele ya watu kila wiki, kwa sauti kubwa, na kila mtu anacheka. Mbemba akishasema jambo kuhusu Mngoni, nani ataliamini? Pale nyuma ya tusi lake ndipo nilipojificha, na hakuna mahali salama zaidi."

Ndiyo maana alikuwa anakuomba umtukane. Mimi ndiye niliyekuwa naandika, na nilielewa, ila si langu kukwambia. Niliweka neno moja chini kuhusu kidole. Nilidhani utauliza.

Barua yako ya mwezi wa sita, ile ya kuomba shaka kabla ya Jumatatu, ilifika. Alinifanya nimsomee mara tatu. Alitaka kukujibu. Alisema, "Nikimpa shaka leo, ataniuliza shaka ya nini." Akalala nayo chini ya mto. Jumatatu ikapita. Nadhani hakuamini utaandika vile. Mimi pia sikuamini.

Siku hizi anakaa uani. Jumamosi anavaa koti, halafu analivua.

Usije bado, Baba. Nenda Livingstone kwanza, mlikopigania kwenda. Nitakwambia akibadilika.

Mwanao,
Tisiyenji


Livingstone
Jumapili, 8 Agosti 2004

Tisiyenji mwanangu, msomee baba yako barua hii. Akikataa, isome kwa sauti ukiwa unaosha vyombo. Masikio yake nayajua.

Lazalo,

Tumetolewa raundi ya kwanza. Watoto wa Lusaka wametucheza kama kuku wanavyocheza na mahindi. Bwembya aliumwa tumbo, Kasolo alimpigia mpinzani mpira wake akashangilia. Mimi nilifika mpaka gemu ya mwisho, unasikia, na nyekundu moja mezani, kama siku ile. Nikapiga pigo jembamba. Mwamuzi akasema, "Halali, endelea." Nikasimama pale. Sikusikia kitu, Lazalo. Nilitega sikio na sikusikia kabisa nyekundu ikiguswa. Mara ya kwanza maishani nimepiga mpira kwa masikio yako. Nikamwambia yule mwamuzi nina shaka. Akasema, "Shaka ni ya mpigaji, mzee, endelea kupiga." Nikaitia nyekundu, nikakosa mweusi.

Jana tulikwenda kwenye maji.

Nilitaka nikwambie yalivyo. Nimeishi miaka sabini nikingoja kuyaona, na nilipofika pale ukingoni, wenzangu wanapiga kelele na Bwembya ndani ya koti lake kama mbuzi aliyenyeshewa, macho yangu yalijaa maji, ya kule au yangu, sijui. Sikuona kitu. Ukungu tu. Nikafumba. Ndipo nikasikia. Unakumbuka siku ile mwamba ulipokuja chini upande wa mashariki, ulipotupigia kelele tutoke? Ule mngurumo kabla ya vumbi. Ni huo. Ila hauishi. Unaanguka, na unaendelea kuanguka, na hakuna mtu anayekwambia sasa umetulia, rudini kazini. Wewe ungeusoma vizuri. Ungesema mwamba upi na umelegea wapi. Mimi nilisimama tu.

Sasa nisikilize. Nakata rufaa. Si kwa kamati, kwako. Nakata rufaa juu ya lile neno langu, "si utani". Najua kanuni: rufaa husemwa kabla ya pigo linalofuata, na mapigo yameshapigwa mengi. Lakini mwamuzi wa jambo hili ni wewe, na hakuna wa kukuvua beji hii. Niseme lilikuwa utani? Sitasema. Lilikuwa la hasira na la tamaa. Nilitaka maji. Nimeyapata, nimelowa.

Nitukane. Tusi moja tu, dogo. Mla tumbili, basi. Nitajua nimesamehewa na nitakuja na fimbo zangu, tutaweka meza uani kwako, utaamua, nami sitakata rufaa hata ukisema mweusi ni mweupe.

Mtani wako,
Kapambwe


Luanshya
Jumatano, 18 Agosti 2004

Bwana Kapambwe Chilekwa,
Wusakile, Kitwe

Mheshimiwa Bwana,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema, wewe pamoja na jamaa zako wote. Mimi sijambo.

Barua yako ya tarehe nane nimesomewa. Nakupa pole kwa kushindwa, na nakupongeza kwa kufika Livingstone. Nimefurahi kusikia kwamba maji uliyafikia. Tafadhali nifikishie salamu kwa Bwana Bwembya na wachezaji wenzako.

Kuhusu ombi lako, nasikitika kukujulisha kwamba sina la kuamua. Niliacha kazi hiyo.

Nakushukuru pia kwa viwavi.

Asante, mukwai.

L. Maseko